Uzuri wa Mkakasi? Steamboy na Urithi wa Anime za Kisayansi

Tarehe 17 Julai 2004 filamu ya Steamboy ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Japani. Mashabiki walikuwa wameingoja kwa miaka. Mwongozaji wake, Katsuhiro Otomo, ndiye aliyetengeneza Akira mwaka 1988, na tangu wakati huo hakuwa ameongoza filamu nyingine ndefu ya katuni. Kazi ya Steamboy ilichukua takriban miaka 10. Iligharimu yen bilioni 2.4, fedha ambazo filamu chache mno za katuni nchini humo zilikuwa zimewahi kuzipata. Wachoraji walitoa michoro zaidi ya 180,000, na kompyuta zikaongeza mamia ya vipande juu yake.

Hadithi inaanzia Manchester, Uingereza, mwaka 1866. Ray Steam ni mvulana wa ukoo wa mafundi mitambo. Siku moja anapokea kifurushi kutoka kwa babu yake, Lloyd, na ndani mna tufe la chuma lililoshindiliwa mvuke wenye nguvu za ajabu. Matajiri wa Wakfu wa O'Hara wanalitaka tufe hilo, na serikali ya Uingereza nayo inalitaka. Baba yake Ray, Eddie, aliumia vibaya katika ajali ya mtambo, na sasa sehemu ya mwili wake ni chuma. Yeye anaamini kwamba sayansi ni nguvu na nguvu haina haja ya kuomba ruhusa. Babu anapinga. Mvulana anachukuliwa hadi London, kwenye Maonyesho Makuu, ambako ngome nzima inayoendeshwa kwa mvuke inang'oka ardhini na kupaa juu ya mji.

Mtazamaji aliyekwisha kuona bunilizi chache za kisayansi huubashiri mwisho mapema: mtambo utaharibika, mji utabomoka, mvulana atawaokoa watu. Ndivyo inavyokuwa. Wahakiki wengi, ndani na nje ya Japani, walifikia hukumu zinazofanana. Picha walizisifu, hadithi wakaiona ya kawaida. Mswahili angeimaliza kesi kwa methali moja: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila imetolewa haraka. Uzuri wa filamu hizi haukushuka tu kutoka mbinguni; umejengwa na vizazi vya wachoraji waliopigania muda, fedha na rangi. Na ule ukawaida wa hadithi nao una chimbuko lake. Kumlaumu Otomo kwa kusimulia habari ya mvulana na mtambo wa baba yake bila kuuliza habari hiyo ilitoka wapi ni kuacha nusu ya ushahidi nje ya mahakama.

Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28-go. Roboti kubwa la chuma, lililobuniwa kuwa silaha ya Japani katika Vita vya Pili vya Dunia, linabaki baada ya vita, na anayeliongoza ni mtoto aitwaye Shotaro Kaneda, mwana wa mwanasayansi aliyelibuni. Yokoyama alikuwa mzaliwa wa Kobe, mji ulioteketezwa kwa mabomu ya ndege mwaka 1945. Miaka minne kabla ya Tetsujin, Osamu Tezuka alikuwa amemleta Atom, mtoto wa roboti aliyetengenezwa na Daktari Tenma ili achukue nafasi ya mwanawe aliyekufa. Tezuka pia aliyaona mabomu kwa macho yake, huko Osaka, akiwa kijana aliyepelekwa kufanya kazi kiwandani. Kizazi hicho kilirithi silaha za baba zao, na swali lililowakabili lilikuwa zito: mtoto atazifanyia nini?

Swali hilo liligeuka desturi. Katika Mazinger Z ya Go Nagai, mwaka 1972, babu anayekaribia kufa anamwachia mjukuu wake roboti la vita. Katika Gundam ya Yoshiyuki Tomino, mwaka 1979, kijana Amuro Ray anaingia ndani ya mtambo uliosanifiwa na baba yake. Majina hubadilika na mitambo huongezeka ukubwa, lakini mrithi ni yuleyule.

Fedha za midoli zilisaidia kuikaza desturi hiyo. Vipindi vya roboti vya televisheni vilifadhiliwa na watengenezaji wa midoli, na mtengenezaji wa midoli anahitaji roboti lionekane kila wiki, lishinde kila wiki, na liwe mikononi mwa shujaa ambaye mtoto dukani atatamani kuwa yeye. Gundam yenyewe ilikatizwa Januari 1980 baada ya vipindi 43, kwa kuwa watazamaji na mauzo havikumridhisha mfadhili. Iliokolewa na marudio, na zaidi ya hapo na vifaa vya plastiki vya kuunganisha ambavyo Bandai ilianza kuviuza mwaka huohuo. Kwa hiyo muundo ambao mtazamaji wa leo anauita wa kawaida ulitokana na mambo mawili: kumbukumbu ya vita, na hesabu za duka.

Picha nazo zilianza katika umaskini. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Fuji ilirusha kipindi cha kwanza cha Tetsuwan Atom, kazi ya kampuni ya Tezuka iitwayo Mushi Production. Filamu hupita kwenye mashine kwa fremu 24 kila sekunde. Studio ya Toei, iliyotoa filamu ndefu ya kwanza ya katuni za rangi nchini humo mwaka 1958, ilikuwa na wachoraji wa kutosha kuzijaza fremu hizo kwa wingi. Mushi haikuwa na uwezo huo, na kipindi kilitakiwa kila wiki. Basi mchoro mmoja ulipigwa picha kwa fremu tatu, mdomo pekee ukasogezwa huku uso umetulia, na michoro ya zamani ikahifadhiwa ili itumike tena. Tezuka aliiuza kazi hiyo kwa bei ya chini mno ili aipate nafasi, na bei hiyo ikawaelemea waliomfuata. Wachoraji wengi wa Japani wamelipwa kwa hesabu ya kila mchoro, na katika mfumo huo anayechora polepole ili achore vizuri hujipunguzia riziki.

Ni lazima haya yakumbukwe kila moshi unapojikunja vizuri katika filamu ya Kijapani. Kila mchoro wa ziada ulikuwa ushindi dhidi ya kawaida ya kazi.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1977. Uchu Senkan Yamato, kipindi cha televisheni cha mwaka 1974 ambacho hakikuwa kimepata watazamaji wengi, kiliunganishwa kuwa filamu, na vijana wakapanga foleni usiku kucha nje ya majumba ya sinema. Wenye fedha waligundua kwamba yupo mtazamaji mkubwa kuliko mtoto wa midoli, anayelipa kiingilio kwa hiari yake. Mwaka 1984 Hayao Miyazaki alipata nafasi ya kutengeneza Nausicaä. Mwaka 1987 Bandai iliwapa vijana wa studio mpya ya Gainax fedha za kutengeneza Oneamisu no Tsubasa, habari za taifa la kubuni linalotaka kumpeleka mtu angani. Mwongozaji wake, Hiroyuki Yamaga, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alibuni dunia yote upya, kuanzia sarafu hadi vijiko, na hakuweka roboti hata moja la kuuza.

Kisha ikaja Akira.

Ilitengenezwa na Tokyo Movie Shinsha kwa fedha za muungano wa kampuni, zikiwamo Kodansha, Bandai na Toho, wakati uchumi wa Japani ukiwa umevimba. Ilitumia karatasi angavu za plastiki zipatazo 160,000, zilizopakwa rangi kwa mkono. Rangi zenyewe zilikuwa 327, na hamsini kati yake zilichanganywa mahsusi kwa filamu hiyo. Sababu ni usiku. Kwa kawaida wapaka rangi waliufanya usiku kuwa wa buluu, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Otomo alitaka usiku wa mji wenye taa, wekundu na ukijani ukipishana juu ya lami, na kivuli chenye rangi yake. Aidha, sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, michoro ikafuata, ili midomo iende sawa na maneno. Studio nyingi za Japani hufanya kinyume chake.

Lakini Akira haikudumu kwa sababu ya rangi peke yake. Otomo aliichukua ile desturi ya urithi akaipindua. Shujaa wake anaitwa Shotaro Kaneda, jina lilelile la mtoto wa Tetsujin, na Akira ndiye mtoto namba 28 katika majaribio ya siri ya wanajeshi na wanasayansi. Safari hii hakuna baba. Kaneda na rafiki yake Tetsuo walikulia katika kituo cha watoto yatima, na mtambo unaorithiwa umo ndani ya mwili wa mtoto. Tetsuo anapovimba na kuufunika uwanja wa michezo kwa nyama yake, mtazamaji hahitaji mtu wa kumweleza kwamba kizazi fulani kimepewa nguvu kisichoweza kuibeba. Ameshaona. Picha imebeba hoja nzima, na ndiyo maana njama inayochanganya na mazungumzo yasiyokamilika haviiangushi filamu.

Hapo ndipo kinapopatikana kipimo cha haki cha kuzihukumu filamu za namna hii. Kuwa na hadithi iliyozoeleka si kosa peke yake. Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii, mwaka 1995, ni hadithi ya polisi wanaomsaka mhalifu wa mitandao, jambo ambalo sinema imelifanya mara nyingi. Ila katikati yake, kwa takriban dakika tatu, hakuna anayesema neno. Meja Kusanagi, mwanamke mwenye mwili wa kiwandani, anapita kwenye mfereji wa mji wenye mvua, na dirishani anamwona mtu mwenye sura yake hasa. Maduka yana sanamu za kuvalishwa nguo zinazokaribia kufanana naye. Njama imesimama, na filamu ndiyo kwanza inafikiri kwa kina zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mwaka huohuo wa 1995 ilitoka Memories, filamu yenye sehemu tatu. Otomo aliiongoza sehemu ya mwisho, inayohusu mji uliojaa mizinga. Kila nyumba ina mzinga, kila shule inafundisha hesabu za mizinga, na kila siku mji unampiga adui ambaye hajawahi kuonekana. Jicho la kamera linamfuata mtoto mmoja kutoka kitandani hadi shuleni likipenya kuta na ngazi, na mtazamaji haoni mahali picha ilipokatwa. Kwa kuwa hakuna mkato, hakuna pa kutokea, na hali ya watu wa mji ni hiyohiyo. Humo mlikuwa tayari na mvuke, chuma na mabomba. Kutoka katika dunia hiyo Otomo aliingia katika kazi ya Steamboy.

Miaka hiyo 10 ndiyo iliyogeuza ufundi wenyewe. Steamboy ilianza kuandaliwa wakati rangi zikipakwa kwa brashi kwenye plastiki; ilipokamilika, studio zilikuwa zimehamia kwenye kompyuta. Mwaka 2001 uliwaonyesha watengenezaji njia mbili. Final Fantasy: The Spirits Within, iliyotengenezwa Honolulu na kampuni ya Kijapani ya Square kwa dola milioni 137, ilikuwa ya kompyuta mwanzo hadi mwisho, na nywele za shujaa wake wa kike zilihesabiwa nyuzi 60,000. Mapato yalikuwa chini ya gharama, na studio ikafungwa. Mwaka huohuo Rintaro, aliyewahi kufanya kazi kwenye Atom pale Mushi, alitoa Metropolis kutokana na kitabu cha picha cha Tezuka cha mwaka 1949, na Otomo ndiye aliyeandika mswada wake. Wahusika walichorwa kwa mkono, na mji mkubwa nyuma yao ukajengwa kwa kompyuta. Mnara unapoporomoka mwishoni, mlio wa mabomu hausikiki. Unasikika wimbo wa mapenzi wa Ray Charles. Roboti kuasi na mnara kuanguka ni mambo ya zamani kama sinema ya kisayansi yenyewe, lakini uamuzi huo mmoja uliufanya mwisho uwe msiba.

Baada ya hayo yote, Steamboy inastahili hukumu gani?

Sehemu yake bora inakuja mapema. Ray anatoroka Manchester akiendesha mtambo wa gurudumu moja alioutengeneza mwenyewe, nyuma yake linakuja gari zito la mvuke linalobomoa kuta, na mbele yake treni imekaribia. Kila kitu kinaelezwa na mitambo yenyewe. Mtazamaji anaona valvu ikifunguka, shinikizo likipanda kwenye kipimo, bomba likitetemeka, gurudumu likipokea nguvu. Injini ya mvuke haifichi siri yake, na wachoraji wa Otomo wanaipenda kwa sababu hiyo. Mvuke nao ni kazi ngumu kupita chuma, kwani hauna umbo, na mchoraji hulazimika kuubunia umbo jipya katika kila mchoro. Kwa dakika hizo filamu inasema jambo la kweli kuhusu furaha ya mtoto anayeelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Kuna jambo la pili ambalo wahakiki wengi walilipita haraka. Katika filamu hii Maonyesho ya London yamegeuka soko la silaha, na Wakfu wa O'Hara unawaonyesha wanunuzi wa mataifa bidhaa zake kwa kuzipiganisha mbele yao. Kwa Mjapani, mahali hapo na wakati huo vina uzito wa pekee. Mwaka 1862 wajumbe wa Japani waliotumwa Ulaya walihudhuria ufunguzi wa maonyesho ya kimataifa ya London, na mkalimani wao mmojawapo alikuwa Fukuzawa Yukichi. Mwaka 1866, mwaka uleule wa hadithi ya Ray, Fukuzawa alianza kuchapisha kitabu kilichowaeleza Wajapani habari za nchi za Magharibi, pamoja na injini za mvuke na reli zake. Miaka sita baadaye treni ya kwanza ya Japani ilitoka Shimbashi kwenda Yokohama, kwa msaada wa wahandisi wa Kiingereza. Historia ya taifa hilo iliyofuata, viwanda vyake na vita vyake, inaingia humo. Otomo amerudi hadi kwenye chemchemi ya urithi uliomsumbua Yokoyama.

Ila akiwa hapo, filamu inaacha kuchora na kuanza kuhutubu. Baba na babu wanasimama katikati ya mabomba yale mazuri na kuambizana sayansi ni nini. Maneno yao yangeweza kuhamishiwa jukwaa tupu la maigizo bila kupungukiwa na kitu. Ray anawasikiliza. Amepewa tufe, amepewa mabishano, lakini hakupewa wazo lake mwenyewe, na anapowaokoa watu anafanya lililotazamiwa. Scarlett, binti tajiri wa O'Hara, ana kiburi kilichoahidi mengi, naye anaishia kubebwa huku na huko. Katika saa ya mwisho ngome inaanguka kwa ustadi mkubwa, na kadiri inavyoendelea kuanguka ndivyo moyo wa mtazamaji unavyozidi kupoa, kwa kuwa kila kilichopo cha kusemwa kimeshasemwa kwa mdomo. Michoro tuli inayoambatana na majina ya watengenezaji, Ray akiendelea kukua na Scarlett akirusha ndege, inadokeza hadithi changamfu kuliko ile iliyokwisha.

Kosa basi lina mahali pake mahsusi. Halimo katika kurithi hadithi ya baba, babu na mtambo. Limo pale picha na hoja zilipoachana njia.

Mwaka 2004 wenyewe uliitamka hukumu hiyo kwa sauti kadhaa. Ulikuwa mwaka wa ajabu kwa anime za kisayansi: Innocence ya Oshii ilishindana Cannes, na Appleseed ya Shinji Aramaki ilijaribu kuwavika wahusika wa kompyuta ngozi ya katuni. Novemba ikaja ngome nyingine inayotembea kwa moshi na mabomba, ya Miyazaki, nayo ikajaza majumba ya sinema. Lakini katika Tuzo za Filamu za Mainichi, zawadi ya filamu ya katuni ya mwaka ilikwenda kwa Makoto Shinkai, kijana ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametengeneza filamu ya dakika 25 akiwa karibu peke yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Na Tuzo ya Ofuji Noburo, inayotolewa kwa ubunifu katika fani hiyo na ambayo mpokeaji wake wa kwanza alikuwa Tezuka, ilikwenda kwa Mind Game ya Masaaki Yuasa, filamu isiyojali kabisa kama mistari yake imenyooka.

Otomo aliendelea kuchora. Mwaka 2012 alitoa Hi no Yojin, filamu isiyofika robo saa, kuhusu Edo ya zamani. Binti wa mfanyabiashara anampenda kijana wa jirani aliyekwenda kuwa mzima moto, wazazi wake wanamtafutia mume mwingine, na moto mdogo chumbani mwake anauacha uwake ili mpenzi wake aje. Hadithi kama hiyo Wajapani wameisikia kwa karne kadhaa. Ila safari hii skrini inakunjuka kama ukurasa mrefu wa picha uliochorwa zamani, watu wakionekana kutoka juu na pembeni, nyumba zikiwa hazina mapaa, na mtazamaji akisafiri kutoka kulia kwenda kushoto kama msomaji. Moto unapoanza kuula mji, unaula pia ukurasa aliouzoea dakika chache zilizopita. Filamu hiyo ilipata Tuzo Kuu ya katuni katika Tamasha la Sanaa za Vyombo vya Habari la Japani, pamoja na Tuzo ya Ofuji ya mwaka 2012, ileile iliyoipita Steamboy miaka minane kabla.